Jiwe Kichwani kwa Wegesa

Mambo yangu yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na tatu Machi, saa nne na robo asubuhi, kwenye geti la mpaka. Miaka sita imepita. Usiku wa kuamkia leo nimeiota tena Jumatano hiyo, ikaja na mengine ambayo sikuyaagiza, na ninayaandika kabla hayajanitoka. Sitatia chumvi. Hayahitaji.

Asiyenijua aanze na ya kweli.

Mke wangu Wegesa alikuwa na pumu. Siku hiyo ilimkamata vibaya kuliko siku zote. Hospitali ya upande wetu, Tanzania, ni safari ya saa tatu, kama gari limepatikana. Ya upande wa Kenya ukisimama getini unaliona paa lake. Tukafika getini kwa pikipiki. Askari akasema karatasi ya mgonjwa lazima igongwe muhuri, na afisa mwenye muhuri ametoka kidogo. Nikauliza ametoka kwenda wapi. Akasema ametoka tu, anakuja, subirini. Tukasubiri. Wegesa alifia kwenye benchi la wasafiri ameniegemea begani, paa la hospitali tunalitazama. Huyo afisa sikuwahi kumwona sura.

Nilimzika nyuma ya nyumba. Mwanetu Matiko yuko Uarabuni, analinda maghala ya watu, na habari zilimfikia siku nne baada ya mazishi. Hela ya saruji sikuwa nayo, ya msalaba sikuwa nayo. Lakini kule bondeni, karibu na mto, kulikuwa na jiwe la mpaka, lile la zamani lenye namba, limeanguka miaka mingi, ng'ombe wanajikunia. Nikalipakia kwenye mkokoteni jioni moja, nikalipandisha mpaka nyumbani, nikalisimika kichwani kwake. Nilisema moyoni: mpaka ndio uliomuua, basi ukae hapa uone ulichofanya. Hakuna aliyeniona. Mbunge asingeniona hata kama ningepita sebuleni kwake.

Mwaka jana wakaja watu wa mpaka. Walitumwa na wakubwa wa nchi zote mbili, kwa mkopo kutoka nje, kuhakiki mawe yote. Walivaa kofia ngumu za njano. Wakalikuta jiwe kichwani kwa Wegesa, wakasoma namba yake, wakaitafuta kwenye karatasi zao, ikapatikana. Kijana wa mashine akasema mashine inaonyesha jiwe lilitakiwa kuwa bondeni. Mkubwa wao akamjibu kwamba mashine imekosea, kwa sababu jiwe halitembei. Wakapiga picha, wakapeana mikono, mpaka ukapita hapo. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na ndoo ya maji, sikusema neno.

Halafu barua. Mita ishirini kila upande wa mpaka pawe peupe. Nyumba yangu imepona kwa hatua nne. Makaburi yahamishwe, na kila marehemu arudishwe nchi aliyozaliwa. Wegesa alizaliwa Kenya. Jumatatu wanakuja kumfukua wampeleke kwa kaka zake, ambako mimi siwezi kwenda kumwangalia bila karatasi na muhuri. Nafasi niliyojiachia pembeni yake itabaki shimo la kukusanya maji.

Nikalala na barua chini ya mto.

Naota niko getini. Ni Jumatano ileile, jua ni lilelile la saa nne. Wegesa amekaa kwenye benchi na kitenge alichozikwa nacho. Ana udongo kidogo kwenye nyusi. Hapumui. Namuuliza kama anajisikia vibaya, anasema hapana, kupumua ndiko kulikuwa kunamsumbua.

Geti ni bomba la chuma lenye rangi nyekundu na nyeupe. Linatugeukia.

"Mnakwenda wapi?"

Nasema hospitali.

"Huyu si ameshakufa?"

"Ameshakufa, lakini foleni yetu haijaisha."

"Hapo sawa," geti linasema, na linainuka.

Ndani kuna kibao kinachosema eneo hili si la mtu, na anayeingia aache utu wake hapa. Mwanamke amekaa nyuma ya mizani kama ile ya kupimia kahawa. Ananiambia nivue. Sijui navuaje, lakini mikono inajua. Natoa kitu kama fulana iliyoloa, nakiweka kwenye mizani.

"Robo tatu kilo," anasema. "Kwa mtu wa umri wako ni mdogo. Uliobaki umeuacha wapi?"

Nasema waulizwe wakubwa. Anaandika "wakubwa" kwenye safu ya maelezo, anautupa utu wangu kwenye beseni lenye utu wa watu wengine wengi, wote umelowana, ananipa kibati chenye namba. Wegesa hapimwi. Yule mama anasema marehemu huacha utu wao nyumbani.

Kuanzia hapo hakuna anayeniona. Namwamkia mzee mmoja, anaitikia ukutani. Nasimama mbele ya dirisha, watu wanajitazama nywele zao kupitia kwangu.

Tunafungua mlango ambao ulikuwa wa choo, tunaingia benki. Ni benki kubwa, ina zulia, na baridi yake ni ya nyumba ambayo haijapikiwa moto muda mrefu. Foleni yote ni ng'ombe. Wamepangana kimya, kila mmoja ana hereni yenye namba, wanacheua. Hakuna harufu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mengine, ng'ombe wote wale na hakuna harufu.

Mwekundu mmoja mwenye pembe moja ananitazama. Yeye ananiona.

"Mkwe," anasema.

Namuuliza tunafahamiana wapi. Anasema yeye ni kilembwe cha yule mwekundu niliyemtoa mahari kwa ajili ya Wegesa. Nawakumbuka. Walikuwa kumi na wawili, walivuka mto mchana kweupe wakiongozwa na fimbo moja, na Wegesa akaja upande huu na masanduku mawili. Huyu ng'ombe anasema hapa ndani wako mia nne na kumi na mmoja, wote wametokana na wale kumi na wawili.

"Na mnafanya nini benki?"

"Tunavuka kwenda, tunavuka kurudi."

"Kwa karatasi gani?"

Anacheua kwanza, kisha anajibu. "Sisi ni mtaji, mkwe. Mtaji hauulizwi unakwenda wapi. Anayeulizwa ni mtu."

Nikamwambia mimi si mtu tena, nimeuacha utu wangu kwenye beseni. Akasema pole, lakini kuacha kuwa mtu si kuwa mtaji, katikati hapo kuna wengi na hawana dirisha lao.

Dada wa benki anaita namba yangu. Amevaa vizuri, hainui macho. Ana kitabu kikubwa na ndani yake naona jina la Wegesa, tarehe ya ndoa yetu, na masanduku yake mawili, moja limeandikwa kufuli bovu, na ni kweli kufuli lilikuwa bovu. Anaeleza kwa upole, akikiambia kibati changu. Mikataba ya nchi na nchi inasema kitu kikirudishwa kilikotoka, kilichotolewa badala yake nacho kirudi. Waliotukopesha fedha za mawe wameweka sharti hilo. Wegesa akirudishwa Kenya Jumatatu, ng'ombe wanarudi Tanzania.

Nasema sawa, nitawapokea, malisho yapo.

"Hukunielewa, mzee. Wanarudi walivyokuwa."

Anagonga kengele ya mezani.

Ng'ombe wanaanza kurudi. Ndama aliye nyuma kabisa anasogea kinyumenyume, anaingia kwa mama yake. Mama anatembea kinyumenyume anaingia kwa bibi. Hakuna damu, hakuna mlio. Ni kama nguo zinazokunjwa na mtu mwenye haraka. Kila wanapoingiliana foleni inafupika, na dada wa benki anafuta mstari kwa rula. Mwekundu ananiambia samahani mkwe, zamu yangu imefika, anaingia kwa mama yake akiwa bado anacheua.

Dada anafunua ukurasa.

"Na huyu Matiko, naye alitokana na ndoa hii?"

Nikasikia ubaridi kwenye meno. Naona jina la mwanangu kwenye kitabu, limeandikwa kwa wino mweusi, na wino unaanza kuwa wa kahawia, kama chai, kama chai ya maziwa. Simwoni Matiko, lakini nasikia mahali fulani, mbali sana, mtu mzima analia kama mtoto wa miaka sita, halafu wa miaka mitatu. Wegesa ananishika mkono. Mkono wake ni baridi na una nguvu.

"Baba Matiko," anasema. "Waambie."

Nasema jamani simamisheni kidogo. Hakuna anayesikia, mimi si mtu. Nasema tena. Mwisho napanda juu ya meza yao na viatu vyangu vya matope.

"Jiwe nililihamisha mimi."

Kila kitu kinasimama. Ng'ombe mmoja amebaki nusu nje. Dada wa benki anainua macho kwa mara ya kwanza, na macho yake ni ya kawaida tu, ya mtu aliyechoka.

Mlango unafunguka, jiwe linaingia. Halitembei. Kila nikilitazama liko karibu zaidi. Linakaa kwenye kiti cha wageni, kiti kinalia.

"Miaka sita," jiwe linasema, "nimekuwa nikingojea mmoja wenu aseme."

Nyuma yake anakuja mkubwa wa watu wa mpaka na kofia yake ya njano. Anasema haiwezekani, jiwe halitembei, yuko tayari kuapa. Jiwe linamwambia akae chini. Linasema lilisimikwa na Mjerumani mmoja na Mwingereza mmoja. Mjerumani alikuwa na homa, Mwingereza alikuwa na haraka. Walitakiwa kwenda mbele zaidi, lakini walichoka, wakasimika walipochokea, wakala nyama ya kopo, wakaondoka. Wala hawakuuliza mtu aliyekuwa analima pale, ingawa alikuwa analima.

"Kwa hiyo ulikuwa mahali pabaya tangu mwanzo," nasema.

"Sijawahi kuwa mahali pabaya. Nilipo mimi ndipo."

Mkubwa anavua kofia. Kichwa chake chini ya kofia ni kidogo sana. Anapekua kitabu cha sheria za mataifa, anapata ukurasa, anasoma kwa sauti ya mtu anayesomea wengine mazishini. Aliyehamisha mpaka mara moja anaruhusiwa kuuhamisha mara moja tena. Atakapouweka, utakaa. Muda wake ni mpaka ng'ombe wabaki kumi na wawili.

Ng'ombe yule aliyekuwa nusu nje anaendelea kuingia.

Nalibeba jiwe begani. Benki haipo. Tuko njiani, mimi mbele, Wegesa nyuma na beseni la udongo kichwani. Ni udongo wake. Anasema hawezi kuuacha, ameuzoea.

Mpaka uko begani mwangu. Kulia ni Tanzania, kushoto ni Kenya, na ninavyokwenda unakwenda. Nikikata kona vijiji vinakuwa vya nchi nyingine. Watoto wa shule wako mstarini wanaimba wimbo wa taifa. Napita, wanaumalizia kwa wimbo wa pili, mwalimu hashtuki. Mama anayeuza nyanya anafungua fundo la khanga atoe chenji, anakuta fedha zina sura nyingine, anafunga tena fundo, anamwambia mteja aje kesho. Mwanamume mmoja amesimama mlangoni kwake. Nikipita karibu anaingia ndani upesi, anaficha mkeka wake, maana hajui sasa ni mgeni au ni mwenyeji.

Hakuna anayenilaani. Hawanioni. Wanatazama juu, kama watu wanaosikia ndege inapita.

"Ulikosa hela ya msalaba," Wegesa anasema nyuma yangu, "ukaniwekea serikali kichwani."

Nasema nilikuwa na hasira, Mama Matiko.

"Hasira ilikuwa ya kwako, mzigo ukawa wangu. Miaka sita nalala kichwa Kenya, miguu Tanzania. Huku wanapandisha bendera, huku wanashusha. Unadhani nalala?"

Nikamweleza kwamba kosa ni la wakubwa. Wao ndio waliojenga geti, wao wakaweka muhuri mmoja kwa watu elfu, wao wakakopa fedha za kupaka mawe rangi wakati zahanati yetu haina hata kile kipulizio cha pumu. Nilisema mengi, njia ilikuwa ndefu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wakubwa huko nilipo sijawaona," akasema. "Nililoliona ni hilo jiwe, na wewe ukilipandisha na mkokoteni huku unanung'unika."

Nikaongeza mwendo. Nilihisi jiwe nalo limesikia.

Tunashuka bondeni. Nia yangu ni moja, nilirudishe kwenye shimo lake la zamani. Likikaa pale, kaburi litakuwa Tanzania kabisa, mbali na ukanda wao. Jumatatu wakija wasikute cha kufukua, na mimi siku yangu ikifika nilazwe pembeni yake kama tulivyokubaliana. Naona mto. Naona shimo.

Ndani ya shimo kuna mtu.

Amesimama humo, udongo umemfika kiunoni. Amevaa shati jeupe la kazi, majani yamemwotea mfukoni. Mkononi ana muhuri. Anapotuona anajaribu kujiweka sawa, kama mtu aliyeshtukiwa amesinzia ofisini.

"Karibuni," anasema. "Poleni kwa kusubiri."

Jiwe linanieleza sikioni. Mahali pa mpaka hapakai wazi. Nilipoliondoa, ikabidi mtu ashike nafasi, na wakamchukua aliyekuwa kwenye orodha ya zamu.

Sikuhitaji kuambiwa ni zamu ya siku gani. Nilimtazama huyo mtu. Ana kipara kidogo, kovu dogo kwenye kidevu, mtu wa kawaida kabisa, ungeweza kukaa naye kwenye sherehe. Anaomba niliweke jiwe taratibu, atoke, ana watoto. Anasema miguu haisikii tena na usiku kuna kitu kinapita chini yake.

Namuuliza. Nimelibeba swali hilo kwa miaka sita, ni zito kuliko jiwe.

"Ile Jumatano ulikwenda wapi na muhuri?"

Anafikiri. Naona anatafuta kweli.

"Nilikwenda kula."

"Kula nini?"

"Ugali na dagaa. Halafu wakaleta chai. Ilikuwa ya moto sana, nikaisubiri ipoe."

Mto unapita. Hauna sauti.

"Hakuna aliyeniambia kuna mgonjwa," anasema. "Mngetuma mtu. Ningeiacha chai."

Nilikuwa nimemwandalia majibu mengi. Nilidhani atasema aliitwa na mkubwa, au alikuwa anakula rushwa mahali, au alikuwa na mwanamke. Hapo ningejua pa kumshika. Kwa chai sikuwa nimejiandaa.

Wegesa ametua beseni. Anamtazama yule mtu jinsi alivyokuwa akimtazama ndama aliyekwama kwenye matope.

"Weka jiwe, Baba Matiko. Mtoe atoke. Mimi nataka kulala."

Juu mlimani naona ng'ombe waliobaki. Wako kama thelathini. Wanaingiliana mmoja mmoja. Naisikia ile sauti ya mbali ya mwanangu, sasa ni ya mtoto anayejifunza kusema, anataja maji.

Naliinamisha jiwe. Yule mtu ananyoosha mikono alipokee. Vidole vyake ni safi. Miaka sita udongoni, na vidole ni safi, vina harufu ya dagaa.

Nikashindwa. Sisemi nilifanya vizuri. Ninaandika nilichofanya. Nikalirudisha jiwe begani, nikamwambia kwa sauti ya taratibu, sauti niliyoisikia getini:

"Subiri kidogo. Nakuja."

Akaitikia haya. Aliniamini.

Nikapanda mlima. Wegesa alikuja nyuma, nilisikia udongo ukimwagika kidogo kidogo kutoka kwenye beseni. Nikalipita kaburi. Sikusimama. Nikaipita nyumba yangu, ukuta wa nyuma, ukuta wa pembeni, jiko, hadi uwanjani mbele ya mlango. Ndipo mguu ulipokataa, na ng'ombe walikuwa wamebaki kumi na wawili. Nikaliangusha hapohapo.

Lilizama lenyewe, kana kwamba lilikuwa hapo siku zote.

Pale mlimani ng'ombe wakasimama. Halafu mmoja wa wale kumi na wawili akatoa ndama, ndama akatoa ndama, mlima ukajaa. Ile sauti ya mbali ikakohoa kikohozi cha mtu mzima anayevuta sigara. Ni Matiko. Nimemkataza sigara.

Wegesa alikuwa amesimama karibu na kaburi. Alitazama jiwe, akatazama nyumba, akatazama kaburi lake, akapima kwa macho jinsi wanawake wanavyopima kitambaa.

"Kwa hiyo nyumba nayo iko Kenya," akasema.

"Iko kwenu. Hawawezi kukurudisha mahali ulipo."

"Na wewe sasa u mgeni kwenye kitanda chako."

Nikasema niko upande wake, hilo linanitosha. Hakucheka, lakini mdomo ulisogea upande mmoja kama zamani nikimletea samaki mdogo.

"Na yule bondeni?"

Nilitazama chini nikajisafisha bega. Nilidhani ataondoka, lakini alimwaga udongo wake polepole, akalala, akausogeza juu yake kama shuka, kuanzia miguuni. Kabla hajafika usoni alisogea ukingoni, akapapasa nafasi iliyobaki.

"Baba Matiko," akasema, "usikae sana."

Akafunika uso.

Nimeamka. Nyumba ni ileile, nyufa ni zilezile, jogoo wa jirani anawika. Begani hakuna alama, nimeangalia kwenye kioo. Viatu ni vikavu.

Nikachukua simu nione saa. Ni simu ya vitufe, huwa naiweka kwenye kigoda. Humu ndani haijawahi kushika mtandao tangu niinunue. Nikitaka kuongea na Matiko napanda kwenye kichuguu cha nyuma ya kanisa na kusimama kwa mguu mmoja. Kumbe kuna ujumbe. Umeingia saa tisa na dakika kumi usiku, nimelala, simu iko kigodani.

Unasema: Karibu Kenya.

Nimeusoma mara nyingi. Kuna ujumbe mwingine ambao huja ukirudi nyumbani, unakukaribisha tena Tanzania. Huo haujaja. Nimeizima simu, nimeiwasha, haujaja.

Sasa kumepambazuka. Mlango wa mbele sijaufungua. Nimekaa kitandani na ile barua yao, naisoma upya kwa kidole, maana mimi niliishia darasa la nne na wao wanaandika kwa watu wa chuo. Mita ishirini kila upande, wanasema. Nimehesabu hatua kwa akili kutoka uwanjani. Kaburi limepita ishirini, liko salama, na aliyemo yuko nchi aliyozaliwa. Kutoka uwanjani mpaka hiki kitanda ni hatua tisa. Mimi nilizaliwa Tanzania.

Leo ni Jumamosi. Keshokutwa wakija na majembe yao, watakuja kumhamisha nani?